Kabla ya Kalamu Nyekundu: Kuwafundisha Watoto Wadogo Kutunga

Waambie wanafunzi wa darasa la nne waandike insha kuhusu sikukuu, kisha kusanya madaftari. Utasoma kwamba waliamka asubuhi na mapema, wakapiga mswaki, wakanawa uso, wakanywa chai, wakavaa nguo mpya, wakaenda kwa bibi, wakala pilau, wakarudi nyumbani wakalala. Daftari la arobaini halitakuwa na tofauti na la kwanza. Lakini wasikilize watoto hao hao wakati wa mapumziko. Mmoja anasimulia jinsi mbuzi wa mjomba alivyokata kamba akakimbilia sokoni, na watu wazima wote wakamkimbiza wakiwa na kanzu zao mpya. Mwingine anaeleza jinsi dada yake alivyovaa viatu virefu akaanguka mbele ya wageni. Hadithi wanazo. Zinapotea kati ya mdomo na daftari, na kazi yako, mwalimu, inaanza kwa kujua zinapotelea wapi.

Kwanza, zinapotea kwenye mada. Sikukuu ni jambo pana mno kwa mtoto wa miaka tisa. Hajui ashike wapi, kwa hiyo anashika pale siku yenyewe inapoanzia, kitandani, na kuifuata hadi usiku. Pili, zinapotea kwa sababu ya hofu. Mtoto anajua daftari litarudi limejaa wino mwekundu, basi anaandika yale maneno tu ambayo ana hakika na herufi zake. Alitaka kusema mbuzi aligaragara, akasita, akaandika alianguka. Tatu, zinapotea kwa sababu ya mtihani. Kwa miaka mingi, sehemu ya utungaji katika mtihani wa darasa la saba Tanzania imemtaka mtoto azipange sentensi zilizochanganywa. Zoezi hilo linapima mantiki vizuri, ila sentensi zenyewe ametunga mtu mwingine. Kenya kulikuwa na insha kamili yenye alama 40 katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na huko yakazuka maradhi mengine: watoto wakakaririshwa utangulizi wenye jua, ndege na misemo, wa kubandikwa juu ya kisa chochote, kiwe cha harusi au cha ajali. Huku mtoto hakupewa nafasi ya kutunga. Kule alipewa nafasi, kisha akatungiwa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tano, hasa yule mwenye watoto sitini au themanini, ubao mmoja na boksi la chaki. Mzazi aliyeketi na mtoto mmoja mezani naye atapata cha kuchukua. Yote ninayoshauri yanatoka kwenye imani moja: mtoto anayejifunza kutunga anahitaji msomaji kabla ya msahihishaji.

Anza na mdomo

Usimpe mtoto mdogo penseli kabla hajasema anachotaka kuandika. Kipindi cha dakika 40 kinatosha ukikigawa vizuri: dakika kumi na tano za kuzungumza, kumi na tano za kuandika kimya, na zilizobaki za kusomeana kwa sauti. Walimu wengi huona zile dakika za kuzungumza kama kelele zinazokula muda wa kazi. Hizo ndizo kazi yenyewe. Mwambie kila mtoto amgeukie mwenzake wa dawati moja na amsimulie, kisha wabadilishane. Darasa la watoto themanini linakuwa na wasimulizi arobaini kwa wakati mmoja, na hakuna aliyesimamishwa mbele ya wote akatetemeka.

Chombo bora cha kuanzia tunacho tayari, nacho ni kitendawili. Watoto wanakijua, wanaitikia "Tega!" bila kufundishwa, na ndani yake mna ufundi mkubwa wa uandishi bunifu: kukitazama kitu cha kila siku mpaka kionekane kigeni. Anayesema nyumba yake haina mlango huku akimaanisha yai amelitazama yai kwa namna ambayo wengi hatulitazami.

Kwa hiyo wafanye watunge vyao. Tega vitendawili viwili vya zamani ili kupasha moto, kisha weka juu ya meza vitu vitano kutoka humo humo darasani: penseli, kifutio, ufagio, kufuli, ndoo ya maji. Chagua kimoja na uulize darasa zima maswali matatu. Kinafanya kazi gani? Kinaumia au kinapungua vipi kikifanya kazi hiyo? Kingekuwa mtu, angekuwa nani? Andika majibu ubaoni bila kukataa hata moja. Kwenye penseli utapata kwamba inaandika, kwamba inafupika ikichongwa, kwamba ni kama babu anayezidi kuwa mfupi. Sasa ficheni jina la kitu na mtunge pamoja: "Rafiki yangu kila akifanya kazi anafupika." Baada ya hapo waachie vile vinne vilivyobaki, wawili wawili. Kifutio kinaweza kuzaa "anakula makosa yangu na yeye mwenyewe anakwisha." Kufuli linaweza kuzaa "ana mdomo mmoja na chakula chake ni kimoja tu." Sentensi moja kwa kila mtoto inatosha kwa siku ya kwanza. Mtoto mwenye mwandiko wa shida, anayechoka baada ya mstari mmoja, anaweza siku hiyo kumshinda yule anayeongoza darasa, na darasa litamtambua.

Rudieni zoezi hili mara kadhaa kabla ya kuhamia kwenye visa virefu. Usiharakishe. Vitendawili vya darasa viandikwe kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani, kila kimoja na jina la mtunzi wake.

Punguza mada mpaka iweze kushikika

Mtoto anapokwama, tatizo mara nyingi ni ukubwa wa kile alichoombwa. Badala ya "Familia yangu", omba mikono ya mtu mmoja wa nyumbani. Badala ya "Safari", omba dakika ile daladala ilipokataa kuwaka. Badala ya "Shule yetu", omba sauti tatu zinazosikika darasani mvua kubwa inapopiga bati. Mada finyu haimnyimi mtoto uhuru. Inampa pa kusimama, na akishasimama ataondoka mwenyewe kwenda anakotaka.

Chukua sentensi ambazo kila mwalimu amezisoma: "Bibi yangu ni mzuri. Ananipenda sana." Hazina kosa hata moja la sarufi, lakini bibi hayumo. Usimwambie mtoto aongeze maelezo, maana hajui maelezo ni kitu gani. Muulize. Bibi akikukumbatia ananukia nini? Anakuita jina gani ambalo wengine hawakuiti? Utajuaje amekasirika kabla hajasema neno? Mtoto akijibu kwa mdomo, mwambie, "Andika hivyo hivyo ulivyosema." Unaweza kupata kitu kama hiki: "Bibi ananukia moshi na vitunguu. Akikasirika haongei, anafagia uwanja hata kama umeshafagiwa." Bibi ameingia mlangoni.

Mwaka mzima unaweza kuendeshwa kwa maswali ya namna hii. Yaandike kwenye ukurasa wa nyuma wa andalio lako la somo: nini kilisikika, nini kilinukia, nani alisema nini, mkono wake ulikuwa unafanya nini wakati anasema. Swali la mwisho lina nguvu kuliko linavyoonekana. Watoto huandika mazungumzo yanayoelea hewani. Ukiuliza mkono ulikuwa unafanya nini, unapata mama anayekaripia huku akichambua mchele, na hapo kisa kinatulia.

Na msamiati? Acha mtoto atumie neno la kwao. Mtoto wa Shinyanga akiandika kwamba alikula michembe, usimfutie ili aandike viazi vitamu vilivyokaushwa. Ameandika kitu anachokijua kwa ulimi wake. Darasa likiwa na watoto kutoka sehemu mbalimbali, mwache awaeleze wenzake michembe ni nini, na wote wataondoka na neno jipya.

Michezo iliyotoka mbali

Gianni Rodari, mwandishi wa watoto wa Italia aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, alieleza mchezo wake mmoja katika kitabu alichokitoa mwaka 1973 kuhusu namna ya kubuni hadithi. Mtoto mmoja anaandika neno upande mmoja wa ubao, na mwingine anaandika neno lake upande wa pili bila kuona la mwenzake. Maneno yanafunuliwa na darasa linatakiwa kuyaunganisha. Mfano wake maarufu ni mbwa na kabati. Siri iko kwenye umbali: mbuzi na jani hayatoi kitu, kwa sababu yanakutana kila siku. Mbuzi na mwavuli yanatoa.

Kiswahili kinaufaa sana mchezo huu kwa sababu ya viunganishi vyake vifupi. Andika ubaoni: mwavuli wa mbuzi, mbuzi mwenye mwavuli, mbuzi juu ya mwavuli, mbuzi bila mwavuli, mbuzi aliyemeza mwavuli. Kila moja ni mlango wa kisa tofauti. Mwenye mwavuli anakwenda wapi? Bila mwavuli, nani aliuchukua? Watoto wakishachagua mlango, waulize swali moja tu: "Kisha ikawaje?" Na angalia kwamba humo humo wamefanya mazoezi ya upatanisho wa ngeli, wa na ya na wenye, bila kuona kwamba wako kwenye somo la sarufi.

Mchezo wa pili ulichezwa na Kenneth Koch, mshairi wa Marekani, ambaye mwaka 1968 alianza kufundisha ushairi katika shule ya msingi ya umma mjini New York. Alikuta watoto wanaogopa neno lenyewe "shairi". Akamwomba kila mmoja aandike mstari mmoja tu, unaoanza kwa maneno ya kutamani jambo, na ndani yake atie rangi, mhusika wa katuni, na jina la mji au nchi. Mistari ikakusanywa, ikasomwa mfululizo, ikawa shairi la darasa zima. Kwetu mstari uanze na "Natamani", na ndani yake kuwe na rangi, mnyama na mahali. "Natamani twiga wa bluu anipeleke Kigoma bila nauli." Watoto sitini ni mistari sitini, na marudio ya lile neno moja yanaishika kazi yote pamoja. Kwa darasa kubwa sijui zoezi linalolipa haraka kuliko hili.

Koch aliwashauri wanafunzi wake waache vina, kwa sababu kuvitafuta kuliwavuruga kutoka kwenye walichotaka kusema. Sisi hatuwezi kulichukua shauri hilo lilivyo. Maneno yetu huishia kwa irabu, vina ni vingi, na watoto wa pwani wamelala na kuamka na mashairi. Ila utaratibu wote wa tarbia, mishororo minne ya mizani kumi na sita yenye vina vya kati na vya mwisho, ni mzigo mzito kwa mtoto wa miaka minane. Mimi huanza na nusu ya mshororo tu, mizani nane, na huihesabu kwa makofi. "Kuku wangu kala chaki": makofi manane. Watoto hutunga nusu mshororo zao na wenzao hupiga makofi kuhakiki. Watagundua wenyewe kwamba "mtoto" ina makofi matatu na "mbuzi" mawili, nao watabishana kwa nini. Waache wabishane kwanza ndipo ueleze kwamba ile m ya "mtoto" ni silabi inayojitegemea. Watoto wa darasa la tano wakishazoea hivyo, wape kina kimoja cha mwisho. Vingine vitafuata darasa la sita.

Wasiojua kuandika bado

Darasa la kwanza na la pili linashughulika na stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mkono wa mtoto bado haujafika pale akili yake ilipo. Hapa mgawanyo wa kazi ubadilike: yeye aseme, wewe uandike. Hilo si jambo geni katika lugha yetu. Hadithi za Unguja ambazo Edward Steere alizichapisha London mwaka 1870 zilikuwa za wasimulizi. Yeye alizisikiliza na kuziandika. Mfanyie mtoto heshima hiyo hiyo. Andika ubaoni sentensi yake kama alivyoisema, huku ukitamka kila neno, kisha darasa liisome. Mtoto akiona maneno yaliyotoka kinywani mwake yamekaa ubaoni na wenzake wote wanayasoma, ameelewa uandishi ni nini.

Sylvia Ashton-Warner, mwalimu wa New Zealand aliyefundisha watoto wa Kimaori, alimwuliza kila mtoto neno moja analolitaka, akaliandika kwenye kadi, akampa. Maneno ya hofu na mapenzi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1963, mtoto huyashika kwa kuyaona mara moja. Unaweza kufanya hivyo kwa vipande vya boksi la katoni na kalamu ya wino mzito, watoto wachache kila siku. Mwombe kila mmoja neno la kitu anachokiogopa au anachokipenda zaidi. Hizo kadi zitakuwa mwanzo wa sentensi zake za kwanza.

Kalamu ikae mfukoni

Sasa nifike pale panapoumiza. Madaftari themanini yamerundikana mezani. Desturi inataka usahihishe kila kosa. Ukifanya hivyo utamaliza usiku wa manane, na mtoto ataangalia alama tu, afunge daftari. Ni kazi kubwa yenye faida ndogo, na inamfundisha kuandika kwa woga.

Jambo la kwanza kuandika kwenye insha ya mtoto ni sentensi moja ya msomaji. Iwe mahususi. "Vizuri" haimwambii kitu. "Nimecheka pale mbuzi alipopita katikati ya soko" inamwambia kwamba kuna mtu amesoma na ameona. Baada ya hapo uliza swali moja: "Mjomba alisema nini alipomkamata?" Jibu lake ndilo marekebisho yake.

Huwezi kuandika hivyo kwenye madaftari themanini kila wiki, na hupaswi. Soma safu moja ya madawati kwa wiki, na safu nyingine zisomane zenyewe. Wafundishe watoto nao kuwa wasomaji kwa kanuni mbili tu: mtaje mwenzako sehemu uliyoipenda, na umwulize kitu unachotaka kujua. Kumcheka anayesoma ni marufuku kabisa, na marufuku hiyo isimamiwe kuanzia siku ya kwanza. Na tafadhali, usimpe mtoto kutunga insha kama adhabu ya kuchelewa.

Je, makosa yaachwe? Hapana. Yapewe siku yake. Kusanya makosa yanayojirudia katika darasa lako na uchague moja kwa wiki. Huenda wengi wanatenganisha viambishi, wakiandika "nime kula" na "ana kwenda". Huenda wanachanganya r na l, au dh na z, kwa sababu ya lugha ya nyumbani. Fundisha hilo moja kwenye kipindi cha sarufi, kisha warudishie watoto insha zao walitafute wenyewe na kulirekebisha. Wiki hiyo usiguse mengine. Mtoto anayeshughulikia kosa moja analimaliza. Anayeonyeshwa kumi na matano anakata tamaa.

Wapatie wasomaji

Célestin Freinet alianza kufundisha mwaka 1920 katika kijiji cha kusini mwa Ufaransa, akiwa na pafu lililojeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hakuweza kuhutubia darasa kwa muda mrefu. Akaleta darasani mashine ndogo ya kuchapia: watoto waliandika habari zao, wakachagua pamoja, wakapanga herufi za risasi kwa mikono yao na kuchapa. Baadaye walibadilishana machapisho kwa posta na shule ya mbali huko Bretagne. Mtoto anayejua kwamba habari yake itasomwa na mwenzake asiyemfahamu huisoma upya kabla ya kuituma, na hahitaji kuamriwa.

Wewe huhitaji mashine. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati na kushonwa kwa sindano na uzi zinakuwa kijitabu cha kurasa 16, na kipande cha manila kinakuwa jalada. Kila muhula darasa litoe kijitabu kimoja. Watoto waandike nakala safi za visa vyao, na hapa usahihi wa herufi na nukta una maana, kwa sababu sasa kuna msomaji wa kumhurumia. Wenye mkono mzuri wachore. Jalada liwe na majina ya watunzi wote. Kisha kijitabu kipelekwe darasa la pili, na watunzi waende kuwasomea wadogo zao. Kama una mwalimu rafiki katika wilaya nyingine, badilishaneni. Kondakta wa basi atabeba bahasha. Shule zenye uhaba wa vitabu vya hadithi zinaweza kujenga maktaba namna hii, kwa hadithi ambazo watoto wanazitaka kweli.

Kuna jambo zito ambalo kila mwalimu wa somo hili atakutana nalo. Ukimruhusu mtoto aandike ukweli, siku moja ataandika ukweli wenye maumivu: kipigo, njaa, mtu mzima anayemtendea vibaya. Insha hiyo usiisome mbele ya darasa, usiipe alama, wala usiwaite wazazi papo hapo ili wahojiwe. Mwite mtoto faraghani, mshukuru kwa kukuambia, usimwahidi kwamba utakaa na siri. Mshirikishe mwalimu wa malezi na ofisi ya ustawi wa jamii. Simu ya Mtoto, namba 116, inapigwa bure Tanzania na pia Kenya. Iandike ukutani mahali ambapo watoto wataiona bila kuuliza.

Mwisho wa mwaka usiyatupe madaftari ya insha. Mkalishe kila mtoto na daftari lake, achague insha moja anayojivunia na aandike chini yake sababu, mistari miwili tu. Zikusanye kwenye faili moja na umkabidhi mwalimu atakayewapokea mwezi Januari, umwombe azisome kabla hajaandika jina lake ubaoni.